Hina ya Asubuhi ya Kwanza

Lugha yetu ina rangi tatu za kwake mwenyewe:
nyeusi, nyeupe, nyekundu.
Nyingine tumeziazima jikoni na sokoni.
Manjano yalikuwa kiungo, zambarau tunda,
chungwa halikubadilisha hata jina.
Na moto wangu, hapa Mikindani,
nyuma ya karakana ya Tsuma fundi wa baiskeli,
una hudhurungi na kijivu.
Hizo hukupa bila kuombwa.
Nyekundu huombwa.

Bi Mejumaa alikuja ametanguliza vidole,
hina imebanduliwa alfajiri hiyo,
chungwa lenye hasira.
"Mabakuli kumi na mawili. Rangi hii.
Si itakavyokuwa kesho. Ilivyo sasa hivi."
Nikamwambia moto mdogo ungempa hiyo kwa siku moja,
lakini bakuli lingekunywa mchuzi
na kupasuka kabla ya Idi.
"Nataka la moto mkubwa," akasema.
Kila mtu anataka moto mkubwa
na rangi ya moto mdogo.

Digrii elfu moja mia mbili na themanini.
Huko juu nyekundu ya dukani
huondoka na moshi bila kuaga.
Husalia madini yenye roho ngumu, shaba na chuma,
nao wana tabia zao.

Mara ya kwanza, shaba ya nyaya kuukuu:
ikavuta hewa, ikatoka kijani
kama birika lililosahauliwa uani.
Mara ya pili niliziba matundu, nikaunyima moto pumzi,
ukaila hewa iliyofichwa ndani ya rangi yenyewe.
Nyekundu ikaja, ndiyo. Ile tuitayo damu ya mzee.
Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa.
Mara ya tatu sitaki kuisema.

Nikarudi kwenye kutu.
Kutu ya Shimanzi, ya kontena lililochoka safari,
niliichekecha kwa mtandio wangu mwepesi,
nikatia majivu ya mifupa kutoka machinjioni
na talki, ile ile wanayopakwa watoto wachanga.
Mdogo wangu Nzaro akauliza
kama nimeanza uganga.

Usiku wa nne, saa tisa, koni ya kumi ilirukuu.
Nikazima gesi.
Ugonjwa wangu ni pupa:
huchomoa tofali nichungulie,
baridi ikaingia, ikaifungia kutu chini ya kioo,
nyeusi kama lami ya barabara ya Changamwe.
Safari hii usingizi ulinipitia juu ya gunia la udongo.
Tanuri likapoa kwa mwendo lilioupenda lenyewe,
na kutu, ikidhani haina mtazamaji,
ikapanda punje kwa punje
ikajilaza usoni mwa kioo.

Nilifungua kesho yake, baada ya adhuhuri.
Kumi na moja yalikuwa hina ya siku ya tatu,
iliyoiva, iliyokwisha kufua nguo.
Moja, la pembeni juu, karibu na ufa wa mlango,
lilikuwa linawaka.

Bi Mejumaa aliweka kiganja kando yake.
Hina yake ilikuwa imefifia siku nyingi.
Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Hili ni bi harusi," akasema.
"Haya mengine ni mke aliyekaa."
Akachukua yote,
ila bei ya bi harusi ndiyo tuliyobishania
mpaka alasiri.

Daftarini nimeandika: kutu kumi na moja,
mifupa kumi, talki tano. Poza polepole. Lala.
Chini yake nimeandika "ufa wa mlango"
nikauwekea alama ya kuuliza.
Leo Tsuma amekuja na saruji kwenye kopo
anisaidie kuuziba.
Nimemwambia angoje kwanza.